Chumvi Ikiganda, Rangi Isubiri

Jumamosi. Leo asubuhi niliingia jikoni kwa jambo moja tu, kutikisa kichupa cha chumvi. Haikutoka hata chembe. Imeganda imekuwa jiwe. Nikarudi uwani, nikaifunika kompresa kwa kanga kuukuu, siku ikawa imekwisha kabla ya saa mbili.

Masika haya yananiendesha hivyo. Chumvi ikimwagika vizuri, napuliza rangi. Ikiganda, naosha brashi, napiga msasa vitu visivyohitaji msasa, nakunywa chai. Ni bawa la juu la kushoto la ndege ninayoiunda lililonifunza adabu hii, wiki tatu nyuma, nami sina hamu ya kufunzwa tena.

Kwa wageni wa ukurasa huu: naunda ndege za vita za kurusha kwa rimoti. Si za kuweka kabatini. Wenye kazi hii wana kipimo chao cha kuiita ndege kubwa: ya bawa moja ifike inchi 80 kutoka ncha hadi ncha, yaani mita 2 na kidogo, na ya mabawa mawili, moja juu ya jingine, ifike inchi 60. Yangu ni ya ghorofa na imefika mita 2.91. Ni F.E.2b ya Waingereza iliyopunguzwa mara tano, kwani yenyewe ilikuwa na mita 14.55. Nakaa Fuoni, hapa Unguja, alhamdulillahi, nyumba ina ua. Rafiki yangu wa Malindi aliniuliza kama na yeye angeweza kuunda moja kwao Mji Mkongwe. Nikamwambia kuiunda ungeiunda, kuipitisha kichochoroni ndiyo shughuli.

Watu huniuliza kwa nini nisiunde Spitfire au Mustang kama wenzangu. Ni nzuri, sikatai. F.E.2b si nzuri. Injini iko nyuma ya rubani, propela inasukuma badala ya kuvuta, mkia umeshikwa na vijiti na nyaya utadhani tenga la kuku, na mbele watu wawili wamekaa ndani ya kitu ambacho mimi nakiita mtumbwi, kwa sababu ni mtumbwi. Mpiga bunduki yuko puani kabisa, rubani nyuma yake. Adui akija kwa nyuma, yule wa mbele husimama juu, mtumbwi ukimzuia miguu tu, akageuka akapiga kwa kupitia juu ya bawa la juu. Hana parachuti. Shangazi nilipomhadithia aliniangalia kwa muda, kisha akasema, "Na mama yake alijua?"

Nimeichagua kwa ajili ya jina. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, makoloni na nchi zilizokuwa chini ya ulinzi wa Mwingereza zilitoa fedha za kununulia ndege, na kila ndege ikaandikwa jina la mtoaji. Moja ya F.E.2b hizo, nambari 6341, iliandikwa Zanzibar No. 1. Ikapelekwa Ufaransa, na mwanzoni mwa 1916 ikaangukia mikononi mwa Wajerumani. Huo ndio umri wake wote.

Sisi huku vita vile tunavijua kwa meli. Pegasus, manowari ya Mwingereza iliyopigwa na Königsberg ya Wajerumani hapa hapa bandarini tarehe 20 Septemba 1914, mabaharia wake wamezikwa kisiwani Chapwani na watembeza wageni wanawapeleka watu kuyaona makaburi. Ndege iliyobeba jina letu sijapata kumsikia mtu akiitaja barazani. Enzi hizo sultani alikuwa Sayyid Khalifa bin Harub, na kisiwa kikila karafuu na kulala karafuu. Mara nyingine nakaa na msasa mkononi najiuliza ni mikono ya nani, na kwenye mkarafuu wa nani, iliyochuma vikonyo vya kulipia kitambaa kile. Halafu najiambia yakhe, kazi, maana gundi inakauka.

Sasa kitambaa. Ndege halisi ilivikwa kitani. Yangu nimeivika poliesta ya bitana, ya kupimiwa yadi pale Darajani. Unaigandisha kwenye fremu, unaipitishia pasi ya moto wa kiasi, inajivuta yenyewe mpaka ukiigonga inalia kama kigoma. Lakini kwenye bawa halisi kitambaa hakikugandishwa tu. Kilishonwa kwenye kila ubavu wa fremu, sindano ikiingia juu, ikizunguka ubavu na kutokea tena, fundo kila hatua, kisha mshono ukafunikwa kwa utepe wenye kingo zilizochambuka. Kwenye ndege ndogo unadanganya kwa vitone vya gundi. Kwenye ndege ya ukubwa huu jicho halidanganyiki, na mimi kushona sijui.

Shangazi anashona kofia za viua. Macho yake yana miaka zaidi ya sitini na bado anatia vitundu vya kofia vilivyo sawasawa kama vimepigwa kwa mashine. Nilimletea bawa likiwa limefungwa ndani ya shuka, nikamwomba ubavu mmoja tu, wa kuonyesha mfano. Akalilaza mapajani, akalipapasa kwa chini na juu.

"Nafasi kiasi gani?"

"Sentimita mbili, shangazi."

"Mie sijui sentimita. Nionyeshe kwa kidole."

Nikamwonyesha upana wa kidole gumba. Akashona bawa zima. Ilimchukua siku nne, baina ya alasiri na magharibi, na kila fundo amelilaza upande mmoja, kuelekea nyuma. Nilipomuuliza kwa nini akasema upepo si unatokea mbele? Sikuwa nimemwambia neno lolote juu ya upepo.

Basi hilo ndilo bawa nililolitia balaa.

Mvua ilikuwa imekatika alasiri, uwani pananukia udongo, kumetulia. Nikaona ndio wakati. Nikavaa barakoa yenye vichujio nikapuliza vanishi ya selulosi, ile ile wanayopulizia mafundi wa fanicha juu ya vitanda. Ikalala kama kioo. Nikajisifu, nikaenda kuoga. Niliporudi baada ya isha nikawasha taa nikakuta bawa limekuwa jeupe. Si lote, limeenda mabaka mabaka, kama mtu amemwagia uji wa mchele akaupangusa nusu.

Lawama ya kwanza niliipeleka kwa thina. Nilikuwa nimeinunua duka moja, nisilitaje, wanaouza thina kwenye chupa za maji ya kunywa, haina nembo wala jina. Siku mbili niliwalaani kimoyomoyo. Na kusugua kwa msasa haiwezekani, msasa ungekata vichwa vya mafundo yote ya shangazi.

Siku ya tatu akaja ami, ambaye ni seremala tangu sijazaliwa. Hakuuliza kitu. Akakwaruza kwa ukucha pembeni, akanusa, akasema, "Hii imekunywa maji. Ulipiga mvua ikinyesha?"

"Ilikuwa imekatika, ami."

"Imekatika angani. Hapa chini ilikuwa bado."

Nilisoma fizikia skuli, na bado ilibidi niambiwe na mtu mwenye penseli sikioni. Thina ikiruka kwa haraka inaondoka na joto, kitambaa kinapoa ghafla, na unyevu wa hewani unajikusanya juu yake kama jasho kwenye glasi ya maji baridi. Selulosi haielewani na maji, ikiyapata inajikunja ndani ya rangi na kuwa nyeupe. Dawa yake ni thina nzito, inayokauka polepole. Ami aliniletea nusu chupa. Saa nane mchana, siku ya jua kali, nikaipuliza nyembamba sana juu ya yale mabaka, ile vanishi ikalainika upya, maji yakapata njia ya kutoka, na weupe ukaondoka mbele ya macho yangu kama ukungu kwenye kioo cha gari. Imebaki alama moja karibu na ncha, ukubwa wa sarafu. Naijua ilipo, na sasa na nyinyi mnaijua.

Kuhusu kupima unyevu kwa chumvi, hilo nimelibuni mwenyewe. Ami anasema ni upuuzi, yeye anasikiliza milango inavyokwama.

Niliposema barakoa sikusema kwa madaha. Miaka ya mwanzo ya vita vile, dawa ya kukazia kitambaa cha ndege viwandani Uingereza ilitiwa tetrakloroetani, na wafanyakazi waliokuwa wakiipaka, wengi wao wanawake, walishikwa na ugonjwa wa ini uliowageuza manjano, wengine wakafa. Nikiwa nimeinama juu ya mishono ya shangazi na harufu ile imejaa uwani, nilikumbuka kwamba na lile bawa halisi lilikuwa na watu wake walioinama. Nikamwambia shangazi asikae upande wa upepo. Akaniambia kwani hewa ni yako.

Kuna jambo moja nagombana na wenzangu: uchafu. Mtu akimaliza ndege ya vita anaona haijakamilika mpaka aichafue, basi masizi kila pahala, rangi iliyobanduka kila kona, wapo niliowaona wametia kutu juu ya kitambaa. Kitambaa kitashika kutu vipi! Uchafu una njia yake, nao unafuata upepo. Ndege nyingi zina injini mbele, kwa hiyo oili na moshi vinapaka tumbo na ubavuni. Hii injini yake iko nyuma ya watu, kwa hiyo mtumbwi unabaki safi na oili yote inakwenda kwenye tenga la kuku na mkia. Halafu kuna matope ya magurudumu, ambayo yanarukia chini ya bawa la chini. Udongo wetu mwekundu sikuugusa, kwani kaskazini ya Ufaransa ardhi ina chokaa, tope lake ni la kijivujivu. Nimechanganya kidogo cha rangi ya maji, nikachovya mswaki wa zamani, nikarusha kwa kidole mara sita. Mara ya saba nilijizuia. Ndege hii haikupata muda wa kuzeeka.

Kila tone la rangi mkiani nalilipia puani. Injini ya petroli iko nyuma, mkia uko mbali, kwa hiyo ndege yote inataka kukaa kitako. Kwa vipimo vyangu gramu 10 za mkiani zinadai kama gramu 20 mbele ili isimame sawa. Betri zote nimezisogeza puani, miguuni mwa mpiga bunduki, na bado haikutosha. Nikanunua chubwi kwa wavuvi, vile vizito vya kuzamishia mshipi, zile kubwa, nikazifunga ndani kwa gundi na waya. Mtumbwi una chubwi. Tumecheka sana na ami.

Basi leo, chumvi imeganda, nikaona nisipoteze siku. Rangi ya mafuta ya brashi inakauka taratibu na haishughuliki na unyevu kama selulosi, kwa hiyo nikampigia simu fundi wa kuandika. Huyu ndiye anayeandika majina ya mashua na zile gari za mbao za shamba. Amekuja na baiskeli, kopo tatu na brashi za nywele ndefu, akauzunguka mtumbwi mara mbili bila kusema.

Nikamwonyesha picha ya ndege yenyewe, ya rangi nyeusi na nyeupe. Akataka kujua herufi zilikuwa rangi gani. Swali zuri, na filamu za zama zile hazisaidii, kwani hazikuiona rangi nyekundu, zikaitoa kama nyeusi. Tukakubaliana nyeusi. Mwili nimeuacha rangi ya kitani, kama maziwa yaliyotiwa tone la chai.

Alichora mistari miwili kwa chaki na uzi, akajaribisha herufi kwenye ubao kwanza. Akaandika Z yenye mkia, kama ya kwenye mashua, na kivuli chekundu chini yake. Ilikuwa nzuri mno, roho iliniuma kumkatalia.

"Bila kivuli, fundi. Herufi kavu tu."

"Bila kivuli?" Akaisimamisha brashi. "Jina bila kivuli, bwana, linakuwa kama la serikali."

"Lilikuwa la serikali."

Akatafakari kidogo, akafuta chaki kwa kiganja, akaanza upya. Mkono mmoja ameuegemeza kwenye kijiti, mwingine unakwenda bila kusita, pumzi anaivuta mwisho wa kila herufi. Shangazi alitoka na kiti chake akakaa kumwangalia, na ni mara ya kwanza nimemwona akimwangalia fundi mwingine bila kutoa kasoro. Adhana ya alasiri ikamkuta kwenye R. Akaenda kusali, akarudi, akamalizia.

Yeye hutoza kwa herufi. Akahesabu kwa ncha ya brashi, bila kugusa: nane za jina, mbili za No, moja ya tarakimu.

"Na hii nukta?" nikamuuliza.

Akaiangalia kwa karibu, akaiongezea unene kidogo.

"Nukta nakupa bure."