Watoto Wanne, Mikono Minne: Nilivyofungasha Safari ya Kunduchi

Mwaka juzi, Idi pili, tulitoka Bagamoyo kuwapeleka watoto kwenye michezo ya maji kule Kunduchi, Dar es Salaam, tukiwa tumebeba nusu ya nyumba. Mfuko wa shangazi kaja umejaa mataulo, hotpoti mbili, mkeka, dumu la maji la lita 5, begi la nguo, na juu yake deli la barafu la kukopa kwa jirani. Tuliposhuka kwenye daladala pale Mtongani, mimi nilikuwa na mzigo kila mkono, na baba watoto hivyo hivyo. Watoto wakatangulia peke yao, pembezoni mwa ile barabara kubwa. Mwanangu wa kati, wakati huo ana miaka mitano, alisimama kutazama maboya ya rangi yaliyotundikwa kibandani. Sisi tukapita. Tulipofika kwenye bajaji na kuhesabu vichwa, hayupo.

Tulimkuta baada ya kama dakika kumi, kwa mama mmoja muuza machungwa. Alikuwa amemkalisha kwenye ndoo, huku amekamata shati lake kwa nyuma. Akaniambia, "Nimemshika nguo, mama, maana alitaka kuvuka." Nilimshukuru nikakosa hata sauti. Siku nzima iliyobaki sikuona mchezo wala maji, nilikuwa nasikia hilo neno "kuvuka" tu.

Kwa hiyo tulipopanga kurudi, Oktoba iliyopita, sikuanza kwa kuorodhesha vitu. Nilianza kwa kuhesabu mikono. Tungekuwa sisi wawili na watoto wanne: wangu watatu, wa miaka 11, 7 na 3, na mtoto wa mdogo wangu mwenye miaka 9. Watu wazima wawili wana mikono minne, na yote ilikuwa na wenyewe tayari. Mzigo wowote ambao hautakaa mgongoni au begani hauendi, hata uwe muhimu namna gani.

Usiku wa kuamkia safari tulifanya jambo ambalo majirani zetu wa Magomeni ya Bagamoyo lazima waliliona la ajabu. Tulivaa mabegi yetu ya mgongoni, tukawashika watoto mikono, tukatembea mpaka barabarani na kurudi. Nilipofika nyumbani bega linauma, nikajua kuna cha kutoa. Mkeka ukatoka. Deli likatoka. Mataulo manne mazito yakatoka, nitaeleza yaliyochukua nafasi yake. Yule wa miaka 11 akapewa kibegi chake mwenyewe, nguo zake na chupa yake ya maji tu, asibebeshwe vya wadogo zake, kwa sababu naye ni mtoto na amekwenda kucheza.

Jambo la pili lilikuwa simu. Safari ya kwanza tulifika getini na hotpoti zetu tukaambiwa chakula cha nje hakiingii. Mara hii nilipiga siku mbili kabla, nikauliza maswali manne: chakula kinaruhusiwa, nguo gani zinakubalika majini, kuna mahali pa kuhifadhi mabegi, na majaketi okozi ya watoto yapo au tuje nayo. Nikajibiwa kwamba chakula hapana, ila cha mtoto mdogo na maji ya kunywa ni sawa, nguo za pamba na jinzi haziruhusiwi majini, makabati yapo, majaketi yapo ila machache. Mazungumzo ya dakika tatu yakapunguza theluthi ya mzigo. Pigeni simu, jamani. Kila mahali pana utaratibu wake.

Kuhusu chakula, nilikuwa na sababu nyingine zaidi ya geti. Ile Idi pili nilikuwa nimepika wali wa nazi alfajiri, nikaupakia kwenye hotpoti, na kwa sababu ulizuiwa tukaula saa tisa jioni, nje, chini ya mti. Usiku watoto wawili walitapika mpaka asubuhi. Muuguzi aliyewahudumia alinifafanulia vizuri: kwenye mchele kuna bakteria waitwao Bacillus cereus, na mbegu zao haziuawi na kuchemsha. Wali ukikaa vuguvugu kwa saa nyingi, mbegu zile zinaamka, zinazaliana, zinaacha sumu ambayo hata ukiupasha tena haitoki. Hotpoti ikishapoa kidogo haitunzi chakula, inawatunza wao. Na tui la nazi nalo, kila mpishi wa pwani anajua halisubiri.

Basi safari hii hakuna wali wala chochote cha nazi. Nilikaanga maandazi jioni, nikachemsha mayai alfajiri na kuyaacha na maganda yake, nikaweka ndizi mbivu na karanga. Tulikula maandazi na mayai kabla ya kuingia getini, tumeketi kivulini. Karanga, ndizi na maandazi mengine zikasubiri getini kwa ajili ya kurudi, maana njaa ya mtoto aliyetoka majini ni kali kuliko ya mchana. Cha mchana tulitenga fedha tukanunua ndani. Ni ghali, sitaficha, lakini tuliipangia mapema, na niliona afadhali chips za moto kuliko kulala tena zahanati. Maji tuligandisha chupa nne za nusu lita, zikazungushiwa khanga katikati ya begi. Ndiyo lilikuwa deli letu. Mpaka saa saba yalikuwa bado baridi.

Sasa jua. Hapa ndipo nilipotumia muda mwingi kuliko pengine pote, kwa ajili ya huyu mtoto wa mdogo wangu. Ana ualbino. Mwili wake hautengenezi melanini ya kutosha, ile rangi inayoikinga ngozi na miale ya jua, na kwa mtu kama yeye kuungua leo na kuungua kesho ndiyo njia ya saratani ya ngozi ukubwani. Tena tulikuwa tunakwenda tarehe 14 Oktoba, sikukuu ya Nyerere, siku chache tu baada ya jua kupita utosini mwetu huku pwani. Saa sita kivuli chako unakikanyaga. Mama yake alikuwa zamu kazini asingeweza kuja. Alipomleta usiku alinishika mkono akasema, "Dada, nakuachia. Anapenda maji kuliko kula, atakudanganya ametosha kupakwa."

Watu wengi wangemwacha nyumbani na kuita hiyo ndiyo huruma. Mimi sikubaliani nayo. Mtoto anajua anapoachwa. Kinachotakiwa ni begi lililofungwa kwa kumfikiria yeye kwanza, na lake ndilo nililolifunga mwanzo, kabla ya vitu vya mtu mwingine yeyote.

Kulikuwa na losheni yake ya Kilisun, ile inayotengenezwa Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, mahsusi kwa watu wenye ualbino. Alipakwa nyumbani, ikakauka tukiwa njiani, akapakwa tena tulipofika, kisha kila baada ya saa mbili na kila akitoka majini kujifuta. Niliweka mlio kwenye simu ili nisitegemee kukumbuka. Kosa la wengi ni kupaka kidogo kama mafuta ya kupendeza. Kwa uso na shingo peke yake nakamulia mistari miwili inayojaza vidole viwili, na sisahau masikio, kisogo, na juu ya nyayo, sehemu ambazo mtoto akiogelea huwa zinatazama jua.

Lakini losheni peke yake ni kinga ya kusaidia. Kinga yenyewe ni nguo. Fulana nyeupe nyepesi ya pamba, ambayo ndiyo wengi huwavalisha wakidhani wamewakinga, ikilowa inapitisha miale zaidi kuliko ikiwa kavu. Nilizunguka kwenye mitumba wiki mbili mpaka nikapata blauzi ya kuogelea ya mikono mirefu, nailoni nzito, ya bluu iliyokoza, na suruali yake ya kubana. Ninazo mbili, moja ikichujwa maji anavaa nyingine. Kofia ina ukingo pande zote, siyo kepu, kwa sababu kepu inaacha masikio na shingo, na fundi cherehani aliitia kamba ya kufunga chini ya kidevu isisombwe na maji. Miwani ya jua pia, maana mwanga mkali unamuumiza macho na uoni wake wa mbali ni hafifu.

Huo uoni ndio ulionipa wazo la khanga. Nilijiuliza, huyu mtoto akitoka majini, katikati ya mamia ya watu waliolowa, atatuonaje? Nikachukua khanga yangu ya njano yenye pindo nyekundu, kubwa isiyofanana na kitu kingine, nikaitundika kwenye nguzo ya kibanda tulichokaa. Nikawapeleka wote wanne, mmoja mmoja, mpaka kwenye maji na kuwauliza, "Nyumbani wapi?" Wakaonyesha ile njano. Yule wa miaka mitatu alifurahia mpaka akawa anatuuliza sisi.

Na khanga ndizo zilizochukua nafasi ya mataulo. Tulibeba doti tatu, yaani vipande sita, na uzito wake wote haukufika wa mataulo mawili. Khanga inakausha mwili, inatandikwa chini, inakuwa pazia la kubadilishia nguo wakati chumba kina foleni, inamfunika mtoto akisinzia, na ikilowa ukiianika penye upepo wa bahari, nusu saa imekauka. Taulo likilowa asubuhi utalibeba limelowa mpaka Bagamoyo.

Nguo zilizolowa zilinisumbua kichwa. Tangu Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku, na ile mbadala inayouzwa sokoni inavujisha. Nilinunua nusu mita ya ile nailoni ngumu ya kufunikia meza, nikampa fundi akanishonea mfuko wenye kamba mdomoni. Nguo mbichi zilikaa humo bila tone kugusa maandazi. Nguo kavu za kurudia, seti moja kwa kila mtu na mbili kwa mdogo, zilipangwa chini kabisa ya begi, zimefungwa kila moja na ya mwenyewe, ili jioni nisichambue begi zima nikiwa na watoto wanaotetemeka.

Mimi mwenyewe nilivaa vazi la kuogelea la stara, refu la nailoni, na juu yake dera la kusafiria. Nalisema kwa sababu nimeona akina mama wengi wanakaa pembeni wanashika mikoba kwa kukosa nguo ya kuingilia majini. Mtoto wa miaka mitatu halindwi kutoka pembeni. Yale maboya ya kuvaa mikononi ni ya kuchezea, yanachomoka na kutoboka, na hata akiwa na jaketi okozi mtu mzima anatakiwa awe karibu kiasi cha kumfikia kwa kunyoosha mkono. Tulipeana zamu na baba watoto, aliye zamu hashiki simu. Kwa sababu majaketi yalikuwa machache, tulifika mapema tukapata la saizi yake.

Vilivyobaki ni vidogo. Namba zetu za simu niliziandika ndani ya nguo za watoto kwa kalamu isiyofutika kwa maji. Fedha kidogo za noti pamoja na za kwenye simu, maana mtandao hukatika. Plasta, paracetamol, kandambili, na pakiti mbili za ORS, ile chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini mtu akiharisha au kutapika, kila moja ya kuchanganya na lita 1 ya maji safi. Ukikosa pakiti, lita hiyo hiyo weka vijiko vya chai 6 vya sukari vilivyofutwa juu na nusu kijiko cha chumvi, usizidishe chumvi.

Tulitoka stendi ya Bagamoyo saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ni kama kilomita 50 tu, lakini nilitaka watoto wamalize kuogelea kwingi kabla ya jua kali. Kuanzia saa tano na nusu mpaka saa tisa tulikaa zaidi kibandani na kwenye bwawa lenye paa, na mtoto wa mdogo wangu hakubishana, kwa sababu wote tulitoka, hakutolewa peke yake. Saa tisa akarudi kwenye ule mtelezo mrefu akapanda ngazi mara saba. Nilimhesabu. Kila akifika chini anafuta maji usoni, anageuza kichwa taratibu kutafuta, anaiona njano, ananyoosha mkono juu.

Pale Mtongani jioni nilimtafuta yule mama wa machungwa. Kibanda kilikuwa na mtu mwingine. Tulisimama tukisubiri gari la Bagamoyo, mabegi mgongoni, kila mtoto ameshikwa mkono, na mwanangu wa kati akasema, "Mama, unanibana." Nikalegeza kidogo.

Mdogo wangu alikuja kumchukua mwanaye saa mbili usiku. Kabla ya kumsalimia alimvua kofia, akamgeuza kisogo kwenye taa, akampitishia kidole nyuma ya masikio, akamtazama juu ya nyayo. Kisha ndiyo akaketi.

Vitu viwili tu vilirudi bila kuguswa, plasta na ORS. Nimeviacha kwenye mfuko wa mbele wa begi, na ile khanga ya njano nimeifua nikaikunja juu yake.