Siku Tatu Kabla ya Columbus

Jumatano, 18 Desemba 2024

Jumamosi saa 2 usiku Tennessee inashuka Ohio Stadium, mjini Columbus, kucheza na Ohio State katika raundi ya kwanza ya mtoano wa kitaifa wa mpira wa Kimarekani wa vyuo vikuu. Wao wamepangwa namba 8, sisi namba 9, ndiyo maana tunakwenda kwao. Hadi msimu uliopita mtoano huu ulikuwa wa timu 4 tu, na michezo yote ilichezwa viwanja visivyo vya timu yoyote. Mwaka huu ni wa kwanza wa timu 12, na zilizopangwa namba 5 hadi 8 zinawapokea wageni nyumbani kwao. Kwa shabiki wa Tennessee hili ni jipya kabisa. Ukivuka Novemba, tumezoea kufuata jua kusini, Florida au New Orleans. Safari hii tunaelekea kaskazini, usiku mrefu kuliko wote wa mwaka, na utabiri unasema kipimajoto kitakuwa nyuzi 4 hivi chini ya sifuri mpira ukianza.

Timu hizi zimekutana mara moja tu, siku ya mwaka mpya 1996 kule Orlando. Peyton Manning alikuwa upande wetu, Eddie George upande wao, tukashinda 20 kwa 14. Karibu miaka 29 imepita, na hakuna anayetembea Knoxville, mji wa timu yetu, wiki hii asiyekumbushwa matokeo hayo. Mimi yananipa raha lakini hayanipi matumaini. Ninachokiangalia ni kwamba msimu huu tumepoteza michezo miwili, 19 kwa 14 kwa Arkansas na 31 kwa 17 kwa Georgia, na yote miwili ilikuwa ugenini. Nyumbani hatujafungwa. Kwa hiyo tukisema kelele ya uwanja wa watu inaumiza, hatubahatishi.

Inaumiza vipi hasa? Kila mchezo, yaani kila jaribio moja la kusogeza mpira, unaanza kwa senta, mtu wa katikati ya safu ya mbele, kuurudisha mpira kwa kwotabeki, anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira. Uwanja ukiwa kimya, kwotabeki anapaza sauti na safu nzima inaondoka pamoja kwa sauti hiyo. Ohio Stadium inaingiza watu 102,780 katika jengo la umbo la kwato la mwaka 1922, na wakipiga kelele, mchezaji wa pembeni hamsikii mwenzake aliye hatua tatu kutoka kwake. Hapo timu inahamia hesabu ya kimya. Kwotabeki anatoa ishara, kwa kawaida ananyanyua mguu. Mwenzake wa safu ya mbele anayesimama kando ya senta, ambaye amegeuza kichwa kumtazama, anamgusa senta. Senta anasubiri kidogo, kisha anaurudisha mpira. Wale wa pembeni kabisa, wanaolinda njia za kumfikia kwotabeki, hawasikii chochote. Wanautazama mpira kwa jicho moja na adui kwa jicho la pili, nao huchelewa nusu hatua. Nusu hatua hiyo kwa watu kama Jack Sawyer na JT Tuimoloau, walinzi wa Ohio State wanaomkimbilia kwotabeki, ni zawadi. Mchezaji akiona amechelewa mara mbili, mara ya tatu anaondoka mapema, kipenga kinalia, yadi 5 nyuma. Na senta akisubiri muda uleule kila mara, walinzi wa Ohio State wataushika mdundo ndani ya robo ya kwanza, wawe wanaondoka pamoja naye. Dawa ni kuubadilisha: mara moja aguswe na mpira utoke papo hapo, mara nyingine aguswe mara mbili.

Kuna watu wanaosema timu yetu haitasumbuka kwa kuwa tunacheza haraka na michezo yetu inaletwa kwa ishara za mikono na mabango kutoka pembeni. Ni kweli nusu. Kelele haizuii mchezo kufika. Tena mwaka huu vyuo vikubwa vimeruhusiwa redio ndani ya kofia ya mchezaji mmoja, kocha anaongea naye hadi saa inayohesabu muda wa kuanzisha jaribio ibaki na sekunde 15, kisha inakatwa. Lakini baada ya hapo ndipo mabadiliko ya dakika ya mwisho yanapotakiwa: Nico Iamaleava anaona walinzi wamesogea, anataka kumwambia mtu mmoja abadilishe njia, na hakuna redio ya kumwambia. Ni msimu wake wa kwanza kama kwotabeki wa kudumu. Ningependa apewe utulivu wowote unaopatikana.

Na hapa ndipo sisi wa jukwaani tunapoingia. Shabiki mgeni hudhani kazi yake ni kushindana kelele na wenyeji. Hapana. Mpira ukiwa wetu, nyamaza. Kaa kimya kabisa kuanzia timu inapojipanga hadi senta anaporudisha mpira, hata kama mkimbiaji wetu Dylan Sampson ametoka kukimbia yadi 30 na roho inataka kupasuka. Shangilia akianguka, kisha nyamaza tena. Sauti zetu zikiongezwa juu ya zao zinawaumiza wachezaji wetu wenyewe. Mpira ukiwa wa Ohio State, hasa jaribio la tatu, ambalo wakilikosa kwa kawaida huachia mpira, toa yote uliyonayo. Safu yao ya mbele imewapoteza Josh Simmons na senta wao Seth McLaughlin kwa majeraha, na wiki tatu zilizopita, humo humo uwanjani mwao, Michigan iliwaachia pointi 10 tu na kushinda 13 kwa 10. Mlinzi wetu James Pearce akianza kuwafikia pembeni, mkusanyiko wa watu elfu chache waliokaa pamoja unatosha kumtia senta aliyechukua nafasi hiyo wasiwasi.

Tatizo ni kukaa pamoja. Timu mgeni inapewa tiketi 3,500, yaani karibu 3.4 kwa mia ya uwanja. Zilizobaki zote wamepewa kwanza wenye tiketi za msimu za Ohio State, na kwa kuwa muhula umekwisha na wanafunzi wengi wamerudi makwao, nyingi zimeingia soko la kuuziana. Humo ndimo sisi wa Tennessee, wenye rangi ya chungwa, tunamonunua. Ukinunua huko, soma ramani kwanza: tafuta sehemu ambayo tayari wenzetu wamekusanyika, hata ikiwa juu kabisa, kuliko kukaa peke yako chini katikati ya nyekundu ya Ohio State. Angalia bei ya mwisho yenye ada ndani yake, kwa sababu ile ya kwanza hudanganya. Tiketi lazima ihamishiwe kwenye akaunti yako. Picha ya skrini haifai, alama za tiketi hizi hubadilika zenyewe. Ikishafika, iingize kwenye pochi ya simu leo, nyumbani, penye intaneti, maana watu laki moja wakifungua simu pamoja langoni mtandao unakufa. Na simu yenyewe iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili. Baridi hulegeza betri. Simu yenye asilimia 40 inaweza kuzima mkononi langoni, na tiketi ndiyo hiyo.

Sasa baridi. Miongoni mwa Waswahili wa Knoxville wamo Warundi waliopitia kambi za Tanzania, na baridi ya Tennessee wameizoea. Lakini kutembea dakika kumi kutoka garini hadi dukani katika baridi ni jambo moja, kukaa saa nne na nusu bila kusogea juu ya benchi la chuma ni jambo lingine. Mwili ukitembea unajipasha. Ukikaa, unapoa polepole, na mtu hugundua mwishoni mwa robo ya pili, wakati hana tena cha kuongeza.

Nguo ya kugusa ngozi isiwe pamba. Utatoka jasho ukitembea kutoka maegesho, pamba italinyonya na kulishikilia, na jasho hilo ndilo litakalokugandisha. Vaa sufu au kitambaa cha michezo, juu yake kitu kinene cha sufu, kisha koti lisilopitisha upepo. Koti liache wazi unapotembea, lifunge ukishakaa. Baridi kubwa inatoka chini kuliko juu: alumini ya benchi na zege la sakafu vinakunyonya joto saa zote nne. Kipande cha sponji kigumu cha kukalia, na kipande cha boksi la karatasi cha kukanyaga, vinafanya kazi kuliko soksi za bei kubwa. Boksi kata nyumbani, sentimita 40 kwa 40 kwa kila mtu, mbili zipandane, na kabla ya kuondoka thibitisha kwenye tovuti ya uwanja kwamba sponji na boksi vinaruhusiwa, na mifuko ipi. Soksi jozi mbili ndani ya kiatu kilekile ni kosa ninalolisikia likishauriwa kila mwaka: kiatu kinabana, damu haipiti, vidole vinakufa ganzi mapema zaidi. Soksi moja nene ya sufu na kiatu chenye nafasi ya kuchezesha vidole.

Vile vifuko vya kupasha mikono vina unga wa chuma unaoshika kutu haraka, na kutu inahitaji hewa. Ndiyo maana watu huvifungua, huvitia moja kwa moja ndani ya buti iliyobana, kisha hulalamika ni vibovu. Fungua nusu saa kabla, vitikise, viache hewani vipate moto, ndipo uviweke. Kwa miguu nunua vile vilivyotengenezwa kwa ajili ya viatu, vinahitaji hewa kidogo, navyo bandika juu ya soksi, kamwe si kwenye ngozi.

Jambo dogo ninaloona halizungumzwi: jezi. Wote tutafika tumevaa chungwa, halafu makoti meusi yatafungwa juu yake na uwanja hautajua kama tulikuja. Nunua au azima jezi kubwa kwa saizi mbili, uivae juu ya koti. Timu ikitoka kwenye njia ya wachezaji na kutazama juu, ione kona yenye rangi.

Njiani ni kilomita zaidi ya 570, saa sita ukihesabu mafuta na choo. Barabara ya I-75 inapanda milima ya Jellico mpakani mwa Kentucky, na huko ndiko kwenye barafu ikiwa ipo, hasa madarajani alfajiri. Lexington ni karibu nusu ya safari. Cincinnati ndiyo kizingiti: daraja la Brent Spence juu ya mto Ohio hubana siku za kawaida, sembuse Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi. Ukiona msongamano kabla ya kufika mtoni, zunguka kwa I-275, ni ndefu lakini inatembea. Baada ya hapo ni I-71 moja kwa moja. Columbus egesha magharibi ya mto Olentangy, upande wa Schottenstein Center, uvuke kwa mguu daraja la barabara ya Lane. Unatembea zaidi wakati wa kwenda, ila ukitoka uko karibu na barabara kuu ya 315 na hupambani na magari ya mashariki ya uwanja.

Kula kabla. Kaskazini-mashariki mwa Columbus, pande za barabara za Cleveland na Morse, kuna Wasomali wengi, baadhi yao waliishi Kenya miaka mingi, na Kiswahili utakisikia. Wali na nyama ya mbuzi saa 10 jioni vitakubeba hadi robo ya nne kuliko soseji ya uwanjani. Wanaotaka kupika maegeshoni wahakikishe mtungi ni wa propani. Ule mdogo wa butani hauwaki vizuri ikikaribia sifuri, kwa kuwa butani haigeuki gesi chini ya hapo, na mtu hubaki anatikisa mtungi uliojaa. Pombe pia: inakupa hisia ya joto huku inalitoa joto la mwili nje kupitia ngozi.

Baridi hiyohiyo itaingia mchezoni. Mpira uliojazwa upepo kwenye chumba chenye joto hupoteza karibu psi 2 za shinikizo la upepo ukikaa nje kwenye nyuzi 4 chini ya sifuri, ngozi yake inakuwa ngumu, mateke yanafupika na mikono inauma kudaka. Kwa mawazo yangu hilo linampa Sampson kazi kubwa. Ana tachidauni 22 za kukimbia msimu huu, yaani mara 22 ameufikisha mpira mwisho wa uwanja, na kocha wetu Josh Heupel akiwa mvumilivu kumpa mpira hata tukianza vibaya, tutafika robo ya nne tukiwa na uhai. Tukifungwa mapema kwa pointi 14 na kulazimika kurusha kila mara, kwa hesabu ya kimya, mbele ya Sawyer, mambo yatakuwa magumu sana.

Mchezo utaisha karibu saa 5 na nusu usiku. Asiendeshe mtu mpaka Knoxville usiku huo. Chumba kusini mwa Columbus, au hata ng'ambo ya Cincinnati upande wa Kentucky, kichukuliwe sasa hivi chenye ruhusa ya kufutwa. Mshindi anacheza na Oregon, uwanja wa Rose Bowl, 1 Januari. Tiketi za huko sijazigusa, ingawa nauli za kwenda Los Angeles zinapanda kila nikizitazama.