Samweli na ayini isiyokuwepo

Jumapili hii mtoto wa dada yangu alirudi kanisani na swali: "Mjomba, eti Samweli maana yake Mungu amesikia?" Nikaikumbuka papo hapo alasiri moja ya darasa la Kiebrania.

Mwenzetu mmoja alikuwa amesimama kulieleza jina hilo hivyo hivyo, kama tulivyofundishwa wote tangu utotoni. Mwalimu hakumpinga. Alichukua chaki, akaandika kutoka kulia herufi tano: shini, memu, vavu, alefu, lamedi. Akasogea pembeni ya ubao. "Haya, nionyesheni ayini."

Tukazipitia herufi moja moja. Kusikia kwa Kiebrania ni shama, na herufi yake ya tatu ni ayini, sauti inayobanwa kooni. Akamwomba mwenzetu wa Tanga, aliyesoma Kiarabu utotoni, aitamke ili tuisikie vizuri. Kisha akaandika Ishmaeli, na chini yake Simeoni. Kwenye Mwanzo 16:11 Hajiri anaambiwa amwite mwanawe Ishmaeli kwa kuwa Bwana amesikia mateso yake. Kwenye 29:33 Lea anamwita mwanawe Simeoni kwa kuwa Bwana amesikia kwamba hapendwi. Majina yote mawili yana ayini. Samweli haina. Kwetu sauti hiyo haisikiki katika jina lolote kati ya hayo, maana Kiswahili hakina ayini; Samweli na Simeoni, yaliyotufikia kupitia Kigiriki, yamepoteza hata sh. Ndiyo maana ni rahisi kudhani yote yametoka kwenye neno moja.

Ukiondoa "el", yaani Mungu, kinachobaki ni shem, jina. Ile vavu katikati ni "u" ya kale ya kuunganisha maneno, ile ile iliyomo katika Penueli, "uso wa Mungu", mahali ambapo katika Mwanzo 32 panaitwa pia Penieli. Kwa hiyo Samweli ni "jina la Mungu", au "jina lake ni Mungu". Nami nasimama hapo.

Tatizo ni kwamba mama yake Samweli, Hana, hasemi hivyo. Katika 1 Samweli 1:20 anasema amemwomba kwa Bwana, na kitenzi chake ni shaal, ndugu wa neno la Kiarabu lililotupa "swali". Mwalimu alitupa kazi ya kupiga mstari chini ya kila neno la mzizi huo katika sura ile ya kwanza. Ni saba: mawili mstari wa 17, moja mstari wa 20, mawili mstari wa 27, mawili mstari wa 28. La mwisho ndilo lililotusimamisha. Pale Biblia zetu zinaposema mtoto huyu amepewa Bwana, Kiebrania kina shaul: shini, alefu, vavu, lamedi. Ni jina la mfalme Sauli, herufi kwa herufi.

Wapo wanaosema habari hii ya kuzaliwa ilikuwa ya Sauli kwanza, ikahamishiwa kwa Samweli. Wengine hujaribu kulifupisha shaul meel, "aliyeombwa kwa Mungu", lipate kuwa Samweli. Ila ukifanya hivyo lazima utupe alefu na lamedi za neno la kwanza, kisha uihamishe vavu, na hiyo ni kulilazimisha jina. Mimi naona mwandishi alijua alichofanya. Katika 8:10 watu wanaotaka mfalme wanatajwa kwa kitenzi hicho hicho cha kuomba, na katika 12:13 Samweli anawaonyesha mfalme waliyemwomba. Hana analitamka jina la Sauli muda mrefu kabla Sauli hajatokea.

Lakini shama nayo ipo, na ayini yake kamili. Usiku ule kule Shilo, katika 3:10, kijana anajibu kwamba mtumishi anasikia. Watu wanapodai mfalme, Samweli anaambiwa awasikilize: 8:7, 8:9, tena 8:22. Hapo anayesikia ni Samweli mwenyewe. Nikifika hapo nasita kusema kwamba waliotufundisha "Mungu amesikia" waliitoa tafsiri yao hewani. Huenda waliisikia katika maisha yake, wakaitafuta katika jina lake.