Nguo za Idi na miguu ya kuku Guangzhou

Mwaka 2014 Idi ilikuwa inaangukia mwishoni mwa mwezi wa saba, na sisi wenye maduka ya nguo za watoto tunajua Idi ndo msimu wenyewe, usipouza hapo ukae usubiri Krismasi. Mpaka wakati huo mi nilikuwa nafunga mzigo Kariakoo napeleka Tanga na nilishachoka, yani gauni unalinunua kwa jumla, unapita duka la tatu unakuta mtu analiuza rejareja bei hiyohiyo. Mama mdogo alikuwa anaenda Guangzhou, China, miaka mingi, akaniambia we mtoto acha kulalamika, panda ndege ukaone mwenyewe. Mwanzoni mwa mwezi wa sita tukaondoka na Ethiopian, tukabadilisha Addis.

Sasa begi la mama mdogo. Unga wa sembe, dagaa wa Kigoma walioshakaangwa kabisa, chumvi, pilipili, sufuria na jiko dogo la umeme. Mtu anaenda kwenye mji ambao Wachina wenyewe wanausifia kwa kula, yeye kabeba dagaa. "Kule usile kitu mwanangu, kila kitu wanatia nguruwe." Basi siku za mwanzo maisha yetu yakawa ugali chumbani alfajiri, ugali chumbani usiku, mchana biskuti na maji. Na hayo maji nayo mtihani, joto la Guangzhou mwezi wa sita unaloa jasho kama umetoka kuoga, mvua inapiga halafu jua linarudi palepale, unaomba maji ya kunywa dukani unaletewa glasi inafuka mvuke! Wenyewe ndo wanavyokunywa.

Tulipanga Xiaobei, mtaa wa Waafrika, wakati ule pale unasikia Kilingala, Kihausa, Kifaransa, na ukitoka tu mlangoni mtu anakuuliza kwa Kiswahili kabisa "dada, una kargo?" Uzuri wake metro ya laini namba 5 inakutoa Xiaobei mpaka Zhongshanba bila kubadilisha treni, na Zhongshanba ndo kwenye masoko ya nguo za watoto. Maghorofa ya vibanda, sampuli zimening'inia mpaka darini, muuzaji hajui Kiingereza ila ana kalkuleta, anabonyeza bei anakugeuzia, we unabonyeza yako, anacheka, anabonyeza tena. Tulikuwa na kijana wa Kitanzania anayesoma kule tunamlipa kwa siku atutafsirie, lakini kwenye bei kalkuleta ilitosha.

Shida haikuwa bei. Shida ni kwamba wanauza kwa seti, yani gauni la rangi moja unachukua saizi zote kuanzia la mtoto wa miaka miwili mpaka mkubwa, huchagui. Mi najua Tanga saizi ndogo zinakaa, zinazokimbia ni za miaka mitano mpaka tisa. Kuna dada mmoja magauni yake nilikuwa nayaota usiku, tumemrudia na kumrudia, kichwa kinatikisika tu, hapana. Halafu ikifika saa sita mchana anafungua boksi lake la wali anakula katikati ya nguo, akimaliza analala kichwa juu ya meza, na soko zima ni hivyo hivyo, mteja utajiju.

Ni katika kusubiri waamke ndo nikaasi. Nje ya soko kulikuwa na kimgahawa kina bango la kijani limeandikwa halali kwa Kiarabu, ndani kijana kavaa kofia nyeupe anavuta donge la unga kwa mikono miwili, analipiga mezani pwaa, analikunja, anavuta tena mpaka linakuwa nyuzi. Nikasema assalaam alaykum, akaitika vizuri tu. Wenye hivi vimgahawa wengi wanatoka kaskazini magharibi huko, Gansu na Qinghai, na vimejaa mji mzima. Bakuli kubwa la tambi, supu ya ng'ombe, vipande vyembamba vya figili, kotimiri, mafuta ya pilipili juu, yuan 12. Yuan moja wakati ule ilikuwa inacheza kwenye shilingi 270, we piga hesabu. Mama mdogo alisimama mlangoni na biskuti zake, akaingia "kukaa tu", mwisho kijana wetu akaambiwa aagize bakuli la pili.

Hapo mlango ukafunguka. Ijumaa tukaenda msikiti wa Xianxian, pale penye kaburi ambalo Waislamu wa kule wanaamini ni la Sahaba Saad bin Abi Waqqas. Mkitoka kuswali nje ni sherehe, Wauighuri, Waislamu wa magharibi mwa China, wanachoma mishikaki ya kondoo wanainyunyizia jira na pilipili, harufu inakurudisha Ngamiani kwetu Tanga moja kwa moja, na wana pilau lenye karoti nyingi. Pilau lao nitasema ukweli, limepoa, viungo wameogopa. Ila mishikaki hiyo hapana, sina la kusema.

Tukawa tunanunua na matunda, ulikuwa msimu wa laichi, ni kama shokishoki iliyonyolewa nywele. Kijana akatuwahi mapema kwamba bei iliyoandikwa pale ni ya jin, na jin ni nusu kilo, kwa hiyo usifurahi haraka.

Sasa yule dada wa magauni. Sijui alituonea huruma au alichoka kutuona, akamwambia kijana kesho asubuhi anatupeleka kunywa chai, na kwa kuwa alishaona mitandio yetu akachagua hoteli ya Waislamu wa Kichina. Chai ya asubuhi Guangzhou siyo chai na andazi. Kwanza vikombe na bakuli unavisuuza mwenyewe na chai ya moto, maji unamwaga kwenye bakuli kubwa. Halafu vinakuja vikapu vya mianzi vidogo vidogo: vya kamba wale wa baharini ndani ya ngozi laini ya unga unaona mpaka rangi yake, vya nyama ya ng'ombe, uji wa mchele mzito wenye samaki na tangawizi. Ukimiminiwa unagonga meza kwa vidole viwili, ndo asante. Wanahadithia kuwa mfalme wao wa zamani, Qianlong, alisafiri kajificha, akammiminia chai mtumishi wake, mtumishi akashindwa kupiga magoti mbele za watu, akapigisha magoti vidole. Mama mdogo alivyosikia hivyo akawa anagonga kila dakika, hata akimiminiwa mwingine.

Kikaja kikapu cha miguu ya kuku. Nikamwangalia mama mdogo tukaangua kicheko, maana Dar miguu ya kuku ni ya kibarazani jioni, wakati ule mia mia na chachandu, hapa tumeletewa kwenye kitambaa cheupe kama mgeni rasmi. Dada wa magauni hakuelewa tunacheka nini, akamwekea mama mdogo mguu kwenye sahani. Mama mdogo kautafuna wote, mifupa kaipanga pembeni.

Bei haikutajwa mezani hata kidogo, nilikuwa nimejiandaa kwa maneno, nikayameza. Tuliporudi kibandani ndo akachukua kalamu mwenyewe, akakata saizi mbili ndogo kwenye kila seti, akaniandikia zile za kati mara mbili. Bei ileile, hakushusha hata yuan. Nikalipa.

Kwa meli mzigo usingewahi Idi, tukatuma kwa ndege, kilo kwa kilo, kwenye kargo nikawa natoa vibanio na maboksi ili uzito upungue. Magauni yalifika Ramadhani katikati na yaliisha kabla mwezi haujaandama. Mama mdogo bado anaenda Guangzhou na bado anabeba dagaa, ila ukimuuliza ile miguu ya kuku atakwambia walikosea kuivisha, imelainika mno, ya Dar ina utafunaji.