Chafya Kati ya Sindano

Jana, muuguzi alipompangusa mwanangu bega kwa pamba yenye spiriti, nilijikuta nimeishika pua yangu kana kwamba ilikuwa zamu yake. "Mama, sindano inauma?" akaniuliza. Nilimjibu kwamba inategemea inachomwa wapi, jibu ambalo halikumsaidia hata kidogo.

Nilikuwa nikikumbuka mwaka niliochomwa sindano za pua, mwaka ambao mzio wa chavua, yaani vumbi la maua, ulikuwa umenishinda. Dawa ya steroidi, ya kutuliza uvimbe, nilikuwa nikiipuliza puani kila nilipokumbuka, setirizini, kidonge cha mzio, nikiimeza usiku, na bado niliamka na chafya za mfululizo. Tabibu wa akupancha, tiba ya Kichina ya kuchoma sindano nyembamba mwilini, aliniambia mapema nisiache dawa yoyote, kwani sindano zake zilikuwa nyongeza tu, na kwa kauli hiyo nikamwamini.

Alinilaza chali, akachoma moja katikati ya nyusi, nyingine kati ya kidole gumba na cha shahada, ambayo ilinitia ganzi nzito mkono mzima, kisha mbili kandokando ya matundu ya pua, mahali Wachina wanapopaita Yingxiang, yaani kupokea harufu nzuri. Akapunguza taa, akasema atarudi baada ya dakika 20.

Mlango ulipofungwa tu, chafya ikaanza kunijia. Siku zote huizima kwa kuibana pua, lakini safari hii pua ilikuwa na walinzi wawili. Nikapumua kwa mdomo, nikakandamiza ulimi kwenye kaakaa, huku sindano ya katikati ya nyusi nikiiona kama mbili, ikitikisika kila nilipokunja uso. Chafya ikarudi nyuma, ikatulia, nikashukuru mapema mno. Iliporejea haikubisha hodi. Sindano ya kushoto ikaruka nisijue ilikoangukia, ya kulia ikabaki ikining'inia. Tabibu aliikuta ile ya kwanza kwenye mikunjo ya shuka. "Pole," akasema, "angalau pua imeitika." Hadi leo sijui kama alikuwa akitania.

Vikao vilivyofuata vilipita bila kituko, na baada ya wiki kadhaa nikawa nalala usiku kucha. Baadaye nilisoma habari za jaribio la Ujerumani lililochapishwa mwaka 2013, la wagonjwa 422 wenye mzio wa chavua, ambao wote waliruhusiwa setirizini: waliopata vikao 12 vya sindano halisi katika wiki 8 walipata nafuu zaidi kuliko waliochomwa juujuu mahali pasipohusika, ila tofauti ilikuwa ndogo, na kufikia wiki ya 16 ilikuwa imetoweka. Nafuu yangu nayo iliondoka bila kuaga. Sijui nizishukuru sindano, au msimu wa chavua uliokuwa ukiisha, au ile dawa ya kupuliza, ambayo kwa kumwogopa tabibu nilianza kuitumia kila siku. Au pengine zile dakika 20 za kulala bila mtu kuniomba chochote.

Muuguzi alimaliza kabla mwanangu hajafumba macho. Njiani alipiga chafya mbili, kisha ya tatu, nami nikaanza kuhesabu.