Doa Chini ya Pikipiki ya Baba

Jumapili, usiku. Mikono bado inanuka oili ingawa nimeisugua kwa sabuni ya unga mara mbili. Naandika sasa kabla sijasahau mambo yalivyofuatana, kwa sababu wiki tatu hizi zimenifundisha kuhusu pikipiki hii kuliko miaka yote niliyopakiwa nyuma yake.

Ni Yamaha AG100, ile ya bwana shamba. Waliokulia vijijini miaka ya 1980 na 1990 wataikumbuka: keria mbele na nyuma, stendi za pembeni mbili, moja kila upande, ili uegeshe hata kwenye mteremko, na cheni iliyofunikwa yote ndani ya kava isile tope wala vumbi. Baba aliipanda Uluguru, kutoka Sangasanga hadi Mgeta, kwenye makabeji na viazi vya watu, mvua na jua. Alipostaafu akauziwa. Tangu macho yake yaanze kufifia imekaa bandani, na mwaka huu nikaamua kuiamsha niende nayo shuleni ninakofundisha.

Iliwaka. Siku ya tatu nikaona doa.

Doa lenyewe lilikuwa nyuma, karibu na gurudumu, mbali na injini. Nikadhani ni grisi ya cheni imeyeyuka kwa jua. Baba akasikia navyong'ang'ana na kitambaa, akaja na fimbo yake. "Chovya kidole, mama, niletee." Akanusa, akasugua kati ya kidole gumba na cha shahada. "Hii si grisi. Ni oili ya giaboksi. Je, inatoa moshi?"

Sikuelewa mara moja kwa nini aliruka kutoka doa hadi moshi. Injini hii ni ya mapigo mawili. Oili inayoungua pamoja na petroli ina tangi lake. Ya giaboksi inakaa peke yake chini, ikilainisha gia, na klachi nayo inaogelea humohumo. Ikipungua, imepita njia moja kati ya mbili. Ama imetoka nje, ukaiona chini, ama sili, yaani mpira unaozuia oili isipite pembeni ya shafti, ya kranki upande wa klachi imekufa, injini ikawa inainyonya na kuichoma. Hiyo ya pili haiachi doa. Unaona moshi mweupe mzito, plagi inalowa, na siku moja gia zinakauka ukiwa mlimani. Kuibadilisha si kazi ya uani. Ndiyo maana mzee alianza na swali baya kuliko yote.

Nikafungua plagi: kavu, rangi ya kahawia. Moshi ulikuwa ule wa kawaida. Nilishukuru kwa sauti.

Basi ilikuwa nje, lakini wapi? Nikatoa kava la upande wa kushoto, nikaosha kila kitu kwa mafuta ya taa na brashi ya meno, nikapangusa hadi chuma kikang'aa, kisha nikapaka poda ya mtoto. Upande huo walioshukiwa walikuwa watatu: shafti ya kubadilishia gia, nati ya kumwagia oili na washa yake, na shafti inayobeba spoketi ndogo. Nikaendesha kama kilomita tano na kurudi. Poda ilikuwa nyeupe kila mahali isipokuwa nyuma ya spoketi, ilikogeuka uji. Oili ilikuwa inadondokea cheni, cheni inaibeba ndani ya kava lake, inakwenda kumwagikia nyuma kabisa. Ndiyo maana doa lilikuwa mbali na jeraha.

Sili ya shafti hiyo ndiyo iliyokuwa imechoka. Nilipoiulizia, duka la kwanza la spea waliniangalia kama nimeomba spea za treni. Baba akaniambia niache maduka ya pikipiki, niende kwa wauza beringi. Sili huandikwa namba tatu usoni: upana wa tundu, upana wa nje na unene, vyote kwa milimita. Muuzaji hakuuliza hata ni ya chombo gani. Alisoma, akapanda ngazi, akashuka nayo.

Kuichomoa ya zamani kulinitoa jasho. Ilikuwa ngumu kama kwato. Mdomo wake ulikuwa umechonga mfereji mwembamba kwenye bushi inayozunguka ndani yake, na ukiisukuma sili mpya mpaka mwisho, mdomo unarudi kulala kwenye mfereji uleule. Nikaiacha milimita moja nje zaidi, ishike chuma kisicholika. Nikapaka grisi kidogo mdomoni, upande wenye springi ukiangalia ndani, nikaigonga taratibu kwa kipande cha bomba.

Siku nne, pakavu. Ya tano, doa.

Usiku ule nililia, nakiri. Baba alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza: "Inapumua?" Giaboksi ikipata moto, hewa ndani yake inatanuka na lazima ipate pa kutokea, kuna kimpira chembamba juu ya injini kwa kazi hiyo. Sikuwahi hata kukitazama. Nilipokivua na kukipuliza, hakikupitisha hata pumzi. Nikachokonoa kwa waya wa spoku, ukatoka udongo mkavu, donge baada ya donge. Dondora walikuwa wamejenga humo miaka yote pikipiki ilipolala. Hewa ilipokosa pa kutokea ikaisukuma oili penye udhaifu, na sili mpya ingesukumwa kama ya zamani, ningebadilisha hata kumi.

Nikakisafisha kimpira, nikatoa sili ile iliyonyanyaswa na kuweka nyingine, nikajaza oili mpya ya pikipiki. Ya gari sikuithubutu, nyingine zina viungo vinavyofanya klachi iteleze. Nikatandika boksi la karatasi chini.

Leo asubuhi, siku ya nane, nimemkuta baba ameinama bandani kabla ya ibada, anapapasa boksi kwa kiganja, kutoka mbele hadi nyuma.

"Pakavu," akasema.

Nikacheka kwa furaha. Yeye hakucheka.

"Umeangalia kama ndani imo? Pakavu panaweza kuwa hakuna kilichobaki."

Nikaenda kuleta tochi. Tukafungua kizibo, nikachungulia, nikamwambia imo, ni safi, rangi ya asali. Akaomba achovye kidole mwenyewe.