Ruta ya steshenari, wiki ya tatu: mchawi amepatikana

Wiki tatu nzima ruta ya steshenari ya shemeji, pale Ngamiani, Tanga, imekuwa ikizima na kuwaka yenyewe, na mimi natafuta ruta mpya kama mtu anayetafuta mchumba. Hii ina antena nne, ile ina sita imekaa kama buibui aliyelala chali. Kumbe ugonjwa haukuwa kwenye ruta.

Mtandao wenyewe mdogo tu: kompyuta mbili, printa ya leza na simu ya kupokelea kazi za wateja.

Nilianza na chaneli, njia ya mawimbi ya waifai, kama kawaida. Mtaa ule waifai zimebanana, nikahama 6 kwenda 11 na kuacha upana wa megahezi 20. Mawimbi yakatulia, ruta ikaendelea kufa. Nikaipiga OpenWrt, programu huria ya kuendeshea ruta. Siku mbili haikuzima, nikaanza kutamba. Siku ya tatu simu ikaita: "Shem, kidude chako kimelala tena, na nina mtu wa CV hapa."

Logi za OpenWrt, yaani rekodi za matukio, hukaa kwenye RAM, ruta ikizima zinakwenda nayo. Nikazielekeza zitumwe kwenye kompyuta ya dukani. Hapo ndipo nilipopata wasiwasi: zilikuwa zinakatika katikati bila kosa lolote. Programu ikifa huwa inalalamika kwanza. Hii ilikatwa kauli.

Jumamosi nikashinda dukani, macho kwenye taa za ruta. Saa nne na kitu mteja akaleta barua ya kuchapa. Printa ikaamka, ikavuma, balbu ya dukani ikafifia kidogo, taa za ruta zikazima zote kwa pamoja. Nikamwambia shemeji tusubiri printa ilale, tuchape tena. Ikazima tena! Leza inapopasha joto roli ya kugandisha wino huvuta umeme kwa pupa, na vyote viwili vilikuwa kwenye ekstensheni moja.

Kinachoniuma ni kwamba adapta ya umeme ya ruta nilishaipima wiki ya kwanza. Mita ilisoma volti 12.1, nikaitoa hatiani. Niliipima bila mzigo, kosa la mwanafunzi. Safari hii nikachuna waya na kupima ruta ikiwa kazini: 10.4. Printa ikapasha moto: 8 na ushei, giza. Nikaipasua adapta, kapasita, kile kidude cha kutuliza umeme, ya upande wa kutokea ilikuwa imevimba kichwa kama andazi. Adapta nzima ya kawaida isingeshtushwa na balbu kufifia; hii ilikuwa inaishi kwa dua.

Nimeweka nyingine ya volti 12, ampea 2, kwa Sh 12,000. Siku tisa sasa haijazima.

Hata hivyo ruta mpya nimenunua, msinicheke. Nimechukua MikroTik hAP ac², na si kwa ajili ya kasi. Inakubali volti 12 hadi 30. Ukiilisha 24, hata zikiporomoka mpaka 15 bado inapumua. Hicho ndicho kipimo ninachotaka kuona kwenye boksi, si idadi ya antena. RouterOS, programu inayoiendesha, ina menyu kama mitaa ya Mji Mkongwe, unaingia kutafuta DHCP (kigawa anwani) unatokea kwenye fayawoli (ukuta wa ulinzi), lakini ukishapazoea hutaki kuhama. Printa nimeipa anwani yake ya kudumu, basi.

Mpango ulikuwa nitenge waifai ya wateja wiki hii. Umelala. Badala yake nimeokota betri mbili za alamu za volti 12, ampea-saa 7, nikaziunga mfululizo. Ruta inakula kama wati 6, kwa hiyo hata nikizitumia nusu tu napata zaidi ya saa 12 bila umeme. Kilichobaki ni chaja. Ya kwanza imepanda hadi volti 31 nikaichomoa mbio.